Mikupuo Minne Kwako, Minne Kwangu

Wazo lilikuwa langu. Laurean akikueleza vingine ni kwa sababu ana adabu kunishinda, na yule Mhaya akishaamua kumsitiri rafiki humfunika mpaka akakosa hewa.

Mwaka huo wa 1998 nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Kazi yangu ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya kuwatunza kule Wheaton, na kazini nilikuwa naenda kwa baiskeli. Si kwa mapenzi. Gari langu lilinifia Georgia Avenue katikati ya makutano, nikatukanwa kwa lugha nne, nikanunua baiskeli ya mtumba nikisema ni ya wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa miaka mitatu. Aliyeniharibu kabisa ni Laurean, jirani yangu wa ghorofa ya tatu pale Silver Spring, mpishi katika jiko la hospitali, mtu wa Bukoba, mrefu kama nguzo ya simu. Kila Jumamosi alikuwa anaendesha maili sitini kabla ya kunywa chai. Alinifundisha kubadili gia, kula kabla sijasikia njaa, na kujibanza nyuma ya gurudumu lake ili upepo umpige yeye. Mimi nikawa namlipa kwa utani. Kila mtu hulipa kwa alicho nacho.

Desemba iliyotangulia akaja kwetu Abigail Cherono, binti wa Mama Chelagat wa Germantown, yule nesi anayeongoza maombi kanisani kwetu. Abigail alikuwa anasomea mambo ya mwili na mazoezi katika chuo kikuu kimoja upande wa Fairfax, amebakiza utafiti mmoja tu apate shahada yake ya pili. Alihitaji waendesha baiskeli kumi wa mwendo mrefu. Wanane alishawapata. Wawili walipokosekana mama yake akamwambia, "Si kuna wale wazimu wawili wa Silver Spring?"

Alitueleza sebuleni kwangu, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Alitaka kujua hivi: watu waliozoea mwendo mrefu wa kadiri, wakipewa juhudi fupi za kutoa roho, je, watakuwa wepesi zaidi? Watano wangefanya mikupuo minane ya dakika nne nne, kwa nguvu karibu zote, na kupumzika dakika moja na nusu kati ya mkupuo na mkupuo. Mara mbili kwa wiki, wiki sita. Watano wengine wangeendelea na mwendo wao wa kila siku bila kubadili kitu. Mwanzo na mwisho sote tungepimwa chuoni, kilomita arobaini juu ya baiskeli ya maabara isiyokwenda popote.

"Na hao wa kundi la pili wanafaidika nini?" Laurean akauliza.

"Wanatusaidia kujua, anko. Bila wao nitasemaje kwamba ni mikupuo iliyowasaidia wale wengine? Labda ni hali ya hewa tu."

Tukatikisa vichwa. Tulimwelewa vile mtu anavyomwelewa binti wa mtu anayemheshimu, yaani tulitikisa vichwa. Mama Chelagat alikuwa ameshatuambia mengine yaliyotuingia vizuri zaidi: kwamba utafiti ukiisha Machi, mahafali ni Mei, na kwamba mama yake mzazi, kogo wa Abigail, bibi wa miaka sabini na minane, alikuwa amesafiri mara mbili kutoka Kapsabet hadi Nairobi mpaka akapewa viza ya kuja kumwona mjukuu akivaa joho. Mara ya kwanza walimrudisha. Mara ya pili alikwenda na picha ya Abigail akiwa darasa la kwanza, hana meno.

Makundi yaligawanywa kwa bahasha. Yangu ilisema mikupuo. Ya Laurean ilisema endelea kama kawaida.

Sasa, mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilimwita Laurean mstaafu. Nikimkuta kwenye lifti, "Shikamoo, mzee wa kundi la pili." Nikimwona na baiskeli, "Polepole bwana, usije ukatoka jasho ukamharibia mtoto kazi." Siku nne alicheka. Siku ya tano hakucheka.

"Mimi ndiye niliyekufundisha gia," akasema. "Na walipochagua, wamekuchagua wewe."

"Hakuna aliyechagua. Ni bahasha."

"Bahasha nayo ina macho," akasema, akapanda ngazi akaacha lifti.

Hapo nikajua nimezidisha chumvi. Nimepigwa na maisha vya kutosha kujua mtu anapoacha kucheka si kwamba hajasikia.

Jengo letu lilikuwa na chumba cha kufulia chini ya ardhi, mashine sita, nzima nne. Humo ndimo nilimofunga stendi niliyoazimwa na Abigail, chuma kinacholishika gurudumu la nyuma na kulikaza, ukawa unapiga pedali kama unayepanda mlima na huku uko palepale kando ya soksi za watu. Wiki ya kwanza Abigail alikuja kunisimamia. Baada ya hapo aliniachia fomu, nijaze mwenyewe.

Alhamisi moja saa tisa mchana, nimetoka zamu, niko kwenye mkupuo wa nne, miguu inawaka, mate yamekuwa gundi. Laurean akashuka na kikapu chake cha nguo. Akazitia mashineni, akakaa kwenye benchi. Alikuwa ananitazama.

Kwetu huwezi kula mtu akikutazama. Hata kama umepimiwa sahani yako, hata kama daktari amekuandikia wewe peke yako. Unasogea kidogo, unasema karibu, na akikataa unamkaribisha tena, maana mara ya kwanza hukataa adabu tu.

"Karibu," nikamwambia.

"Nimeshiba."

"Wee, karibu. Imebaki minne na miguu yangu imekufa. Itaharibika bure."

Akaangalia nguo zake zikizunguka. Kisha akasimama, akachukua spana, akapandisha kiti inchi nne.

Alifanya yote minne. Mkupuo wa mwisho alikuwa anatoa sauti hata mama mmoja wa ghorofa ya pili, aliyeshuka na mashuka yake, akarudi nayo juu.

Ikawa desturi. Minne kwangu, minne kwake, Jumatatu na Alhamisi. Kwenye fomu yangu nilikuwa naandika "minane", na Laurean kwenye yake "mwendo wa kawaida". Tulijiambia si uongo. Minane ilikuwa imefanyika kweli, si ndiyo? Stendi haikulala njaa. Lakini Laurean, ambaye hata wali anaupima kwa mizani, alinunua daftari la shule akawa anaandika yote kwa siri yake: tarehe, nani alifanya mingapi, mapigo ya moyo yaliyohesabiwa kwa kidole shingoni.

Wiki mbili za kwanza tulikuwa tunashuka ngazi kinyumenyume, tumeshika ukuta. Wiki ya nne kitu kikageuka. Kile kilima cha kwenda Wheaton, ambacho huwa nakipanda nikitaja majina ya marehemu wa ukoo, nilikipanda nikapiga mluzi. Laurean aliniambia moyo wake asubuhi ulikuwa ukipiga hamsini na nane, sasa ni hamsini na moja.

"Ndiyo kufa kunaanza hivyo?" akauliza.

"Ndiyo kupona, mstaafu."

Tulicheka sana chumbani mle. Nakumbuka tulivyocheka, na ndiyo sehemu inayoniuma nikikumbuka.

Machi tukapimwa. Mimi nilipunguza sekunde arobaini. Wenzangu wanne wa mikupuo, wawili walipunguza dakika moja na nusu, mmoja mbili, mmoja chini ya dakika. Wanne wa kundi la pili hawakusogea, kama ilivyotarajiwa. Na Laurean, ambaye hakutakiwa kubadilika hata chembe, alipunguza dakika tatu na sekunde ishirini. Kati ya watu kumi hakuna aliyemkaribia. Nilimwona akishuka kwenye ile baiskeli, jasho linamtiririka, uso unataka kufurahi na hauna ruhusa.

Abigail alikuwa anatazama saa yake, kisha karatasi, kisha saa.

"Anko Laurean, kuna kitu umebadilisha?"

"Hakuna," Laurean akaiambia dari. "Labda chakula."

"Anko Kamande, mikupuo yote minane ulimaliza kila mara?"

"Yote ilimalizika," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaenda akaishika ile mashine, pale kwenye mnyororo, kama mama anavyomgusa mtoto shingoni kuona kama ana homa.

Jumapili iliyofuata, kanisani, Mama Chelagat alisimama wakati wa maombi. Akasema binti yake anajaribiwa. Namba zake zimekataa kusema kitu, walioongezewa kazi na wasioongezewa wanakaribia kulingana, na mwenyewe anaamini mashine ya chuo inadanganya. Ameifungua mara mbili. Wiki ya likizo yote amelala maabara. "Wapendwa," akasema, "hii mashine tuiombee."

Watu themanini tukainamisha vichwa tukaiombea mashine. Mzee Gregori alikemea roho ya kutu. Dada mmoja aliomba kila skrubu irudi mahali pake kwa jina la Bwana. Siku nyingine yoyote ningekuwa nimelala chini kwa kicheko, na ningepata vichekesho vya kunitosha hadi Krismasi. Nilisema amina na watu wote. Mashine ilikuwa nzima. Kilichoharibika kilikuwa kimekaa safu ya tatu kimevaa tai.

Baada ya ibada Abigail alinifuata kwenye chai. Alikuwa amekonda.

"Nimeamua kuandika ilivyo, anko. Kwamba mikupuo haikuonyesha tofauti ya maana. Profesa Wayne amekubali, anasaini Ijumaa, Mei nahitimu." Akazungusha kikombe. "Ila sielewi nilikosea wapi. Wewe ulihisi tofauti yoyote? Kwenye miguu?"

Niliwaza kile kilima.

"Kidogo," nikasema.

Jioni ile nikapanda ghorofa ya tatu. Laurean alikuwa anapika ndizi. Nikamwambia lazima tuseme.

"Kwa faida ya nani?" akauliza bila kugeuka. "Tukinyamaza, anahitimu. Tukisema, hahitimu. Bibi yake anakuja Mei kutazama nini, maua?"

"Anaandika kwamba haifanyi kazi. Wewe na mimi tunajua inafanya."

"Dunia itakufa kwa kukosa kujua hilo?"

"Anajilaumu, Laurean. Ameifungua mashine mara mbili."

Akazima jiko. "Mimi sikuiba, Kamande. Ulinikaribisha. Nilikataa, ukanikaribisha tena."

"Najua."

"Wiki nzima ukaniita mstaafu, halafu ukanikaribisha. Ningefanya nini?"

Ni kweli tupu. Kama ningefunga mdomo kwenye lifti, asingekaa kwenye lile benchi akinitazama, na kama asingenitazama nisingegawa. Laurean alikwenda chumbani akarudi na daftari lake la shule, akaliweka mezani karibu na sufuria.

"Mimi siendi. Uso wangu hauwezi," akasema. "Lakini kama unakwenda, usiende na mdomo mtupu."

Jumatatu nilichukua treni mbili na basi. Safari nzima nilitunga namna ya kusema. Nilikuwa na sababu nzuri nzuri, nyingine zilikuwa na methali ndani.

Nilimkuta Abigail amepiga magoti kando ya baiskeli ya maabara, vidole vyeusi kwa grisi. Ilikuwa mara ya tatu kuifungua. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, nimesimama, kofia mkononi, nikampa daftari.

"Minne?" akasema.

"Minne mimi, minne yeye."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili. Hadi mwisho."

Akaenda kwenye sinki akanawa mikono. Alinawa muda mrefu sana. Aliporudi akafungua daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata mistari ya Laurean iliyonyooka.

"Kwa hiyo mashine yangu ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima."

"Na hii ya kwako umeandika minane. Hapa minane. Hapa minane." Alikuwa ameweka fomu zangu kando ya daftari. "Angalau mmoja wenu alijua kuandika alichofanya. Kwa nini, anko?"

Zile sababu zangu zote zilikuwa zimeteremkia njiani. Ikabaki moja.

"Alikuwa ananitazama."

Nikaona kitu kikipita usoni mwake, karibu kicheko, maana yeye naye amelelewa na Chelagat, anajua mtu anavyotazamwa akila. Kikapita. Macho yakajaa.

"Ungempa chakula chako. Ungempa hata baiskeli. Hii haikuwa yako ya kugawa," akasema. "Ungeniambia Februari tu. Februari ningeweka watu wengine."

Alinipeleka kwa Profesa Wayne, mtu mpole wa ndevu nyeupe, nikaandika maelezo kwa mkono wangu na kutia sahihi. Alisoma, akavua miwani. Akasema amedanganywa miaka mingi na watu waliofanya kidogo wakaandika kingi, lakini waliogawana hajawahi kuwaona. Hakuna aliyecheka. Kisha akaeleza kwa upole kile kile ambacho Laurean alikuwa amekisema mbele ya jiko: sisi wawili tunaondolewa, watafutwe wawili wapya, wiki sita za mikupuo, vipimo upya. Mei haiwezekani. Desemba.

Mlangoni nikamuuliza Abigail mama yake atajisikiaje.

"Nitamwambia watu wawili walijitoa."

"Si kweli."

"Najua si kweli." Bado alikuwa ameshika daftari la Laurean. "Yeye ndiye aliyeniletea nyinyi, anko. Akijua, atajilaumu yeye. Niachie hilo."

Hata hapo aliniita anko. Ningependa angenitukana, matusi nimeyazoea, najua pa kuyaweka.

Jumapili, Mama Chelagat alisimama tena. Akasema mashine imepona, Mungu ni mwaminifu, ila kuna ndugu wawili katika ule utafiti wamemtupa binti yake dakika za mwisho, na mahafali yamesogea hadi Desemba, na viza ya mama yake inakwisha Julai. Hakujua majina yao. Alitaka tuwaombee wasamehewe. Akatuomba tushikane mikono. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kando yake, akanishika mkono, akaukaza wakati wote akiniombea.

Laurean hakuwepo. Abigail alikuwa safu ya mbele, hakugeuka nyuma.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai nikamwambia, "Mama Abby, nina neno." Tukasimama kwenye ukumbi mwembamba kando ya simu ya ukutani. Nikamweleza: bahasha, utani, karibu, minne kwa minne, fomu. Nikamwambia na la Abigail, kwamba alinificha ili mama yake asijilaumu.

Alinisikiliza kama anavyosikiliza manesi wenzake wakipokezana zamu, bila kunikatiza. Mwisho akauangalia mkono wake, ule ulioshika wangu.

"Kwa hiyo nimekuombea wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na ukasema amina."

"Nilisema."

Watoto wawili wakapita wakikimbizana, akawatuliza kwa jicho. Nilingoja anifukuze, au anisamehe, chochote kile, nishike njia yangu.

"Kila Jumapili saa sita na nusu," akasema, "nampigia mama yangu. Kule ni saa mbili na nusu ya usiku. Anakwenda dukani kwa kaka yangu kungoja simu. Leo nilipaswa kumwambia asije Mei kwa sababu ya watu wawili ninaowasingizia kujitoa." Akafungua mkoba akatoa kadi ya simu. "Utamwambia wewe."

"Mama Abby, hanijui mimi."

"Atakujua."

Akabonyeza zile namba zote ndefu bila kuzitazama, akasikiliza, akasema maneno machache ya kwao, na katikati nikasikia jina langu. Akanipa mkono wa simu. Ulikuwa na joto la sikio lake.

"Naam," ikasema sauti ya bibi, nzito, karibu sana. "Nani huyo?"

"Naitwa Kamande, kogo. Mimi ndiye niliyeharibu mahafali ya Abigail."

Nyuma yake redio ilikuwa inasoma habari, na watu walikuwa wanabishana juu ya kitu dukani.

"Ngoja," akasema. "Hapa kuna kelele." Nikasikia akiwakemea kwa lugha yao, kiti kikasogezwa, redio ikazimwa, na duka zima kule Kapsabet likanyamaza.

"Haya," akasema. "Sasa anza mwanzo."